Sinki

Kwa majuma matatu nimeirusha filamu ile ukutani
kutoka chumba cha projekta, juu ya viti mia na kumi,
hapa Tampere, Novemba, jua likizama saa tisa na nusu
kama mtu aliyechoka kuulizwa maswali.
Mara thelathini na nne nimemwona mlevi yule akianguka,
mara thelathini na nne akainuka,
na kila Ijumaa Ilpo wa tiketi hubandika mlangoni
waliyoyaandika wajuzi.

Orvokki Lehtisalo wa gazeti la asubuhi kaipa nyota mbili.
"Dakika ishirini za mwisho," kasema, "ni uongo uliopigwa pasi.
Hakuna apataye nafuu huku nywele zimechanwa."
Kijana wa chuo kikuu, Eetu, jina la pili limeliwa na mkasi wa Ilpo,
kachoka: walevi wote wa sinema ni mlevi mmoja,
hubadilisha koti tu.
Yule wa redio alimimina sifa:
mwigizaji kaibeba filamu mgongoni
kama mtu apandishaye jokofu ghorofa ya tano,
na tukio la sinki lafaa kufundishwa shuleni.
Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Wiki iliyofuata mwigizaji yuleyule
yumo kwenye tangazo la kahawa, anatabasamu.

Tukio la sinki mnalijua, hata kama hamkuiona.
Usiku wa manane. Jikoni. Bomba linadondoka.
Mume anafungua chupa, anaitazama,
anaimwaga yote, bila muziki,
na mkewe mlangoni, na gauni la kulalia, analia kimya.
Ukumbini watu hupenga kamasi. Kutoka juu
naona migongo ikilegea,
kama ya watu walioambiwa daktari alikosea.

Jumatano alikuja Kerttu.
Tuliachana miaka kumi na mitatu sasa. Tiketi nilimwachia kwa Ilpo.
Alikaa mstari wa nne, koti hakulivua.
Sinki ilipofika, akacheka.
Si cha dharau kicheko kile; kilimponyoka
kama kikombe kinavyomponyoka aoshaye vyombo.
Watu wakageuka. Akaokota kofia, akatoka.

Nilimkuta nje, kwenye theluji ya kwanza, ile isiyodumu.
"Wewe hukumwaga hata tone," akasema.
"Niliyemwaga ni mimi. Wewe ulikuja, ukainama,
ukainusa sinki."
Nikanyamaza. Ni kweli, nilinusa.
Nilitia na kidole kwenye tundu.
"Na sikulia. Nilikuwa nahesabu kodi ya nyumba."
Kisha akauliza kama bado natia sukari vijiko vinne.
Nikasema vitano.
Tramu ikaja, akapanda.

Mimi si mhakiki. Sina nyota za kugawa.
Nina ufunguo wa chumba cha chini cha kanisa.
Alhamisi nafungua, nawasha birika,
napanga viti kumi, hukaliwa saba.
Humo sijaona mtu akiinuka huku mwanga
ukimwangukia bega la kushoto.
Mtu husema jina lake. Husema siku ngapi. Hukosea hesabu.
Mwingine huleta biskuti.
Filamu ya hayo, nani angeilipia kiingilio?

Ila jana, onyesho la saa kumi,
watazamaji walikuwa wanne, na mmoja wao Orvokki.
Kanunua tiketi, Ilpo ananiambia; kadi ya gazeti hakuitoa.
Ni mara yake ya tatu.
Alikaa pembeni, karibu na mlango,
na zile dakika ishirini za uongo zilipoanza
nilichungulia kidirishani:
haandiki kitu. Mkono kaushika kwa mkono mwingine,
hivi,
na mshiko huo naujua.

Sikuwasha taa mapema.
Niliyaacha majina yapite yote,
mpaka la fundi wa nyaya,
mpaka la mbwa.